Mwisho Uliosimuliwa Saluni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Kadogo alikuwa na kibarua chake cha bure. Alipanga maboksi mawili ya vitabu juu ya meza ya kulia, akaisimamisha simu juu yake, akafunga upya kitambaa cha kichwa, akasafisha koo na kusema, "Habari za asubuhi, wapenzi wasomaji." Kisha alisoma aya moja ya riwaya yake, akijitahidi asiuangalie uso wake mwenyewe kwenye kioo cha simu, maana akiuangalia tu, maneno yalimkwama.

Wapenzi wasomaji hawakuwa wengi. Kulikuwa na binamu yake, aliyebonyeza alama ya kupenda kabla hata ya kusikiliza. Kulikuwa na rafiki mmoja wa chuo aliyehamia mbali. Na kulikuwa na mwanamume asiyemjua, muuza matairi, ambaye chini ya kila video aliweka tangazo la matairi yake.

"Huyo wa matairi ndiye mwaminifu kuliko wote," Kadogo alipenda kumwambia mama yake mdogo. "Hajawahi kunikosa."

Asubuhi hiyo alikuwa hajamaliza sentensi ya pili dirisha lilipogongwa kwa kiganja kizima.

"Hodi! Mwandishi, uko ndani au umeshatoroka?"

Alikuwa jirani yao, fundi cherehani wa pale kona. Utepe wa kupimia ulimning'inia shingoni, na pini zilikuwa zimechomekwa kifuani kama nishani za jeshi. Mkononi alikamata nakala ya riwaya ya Kadogo, ameishika kwa ncha za vidole kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

"Samahani kukuvamia asubuhi yote hii, mwanangu. Nataka kubadilishiwa. Hiki kina kasoro."

"Kasoro gani, mama?"

"Kimekosewa. Kurasa za mwisho si zenyewe. Hao watu wa kiwandani wamekuchanganyia na kitabu cha mtu mwingine." Akashusha sauti, kwa huruma. "Humu ndani, mama anakufa."

"Ndiyo. Anakufa."

"Anakufaje na ameshafungua duka la maua?"

"Duka la nini?"

"La maua! Lile la karibu na kituo cha mabasi. Halafu yule mwenye nyumba aliyewatupia vyombo nje anakuja kununua maua ya harusi ya binti yake, anamkuta yeye ndiye bosi. Mama yako mdogo alitusimulia. Saluni nzima tulipiga makofi, hata aliyekuwa chini ya draya akachomoa kichwa kuuliza kuna nini. Basi jana nikaacha kitambaa cha mteja mezani, nikasema ngoja nimalizie mwenyewe nilie kidogo kwa furaha." Akapenga kamasi. "Nikaja kulia kilio kingine kabisa. Sijui nani atanilipa hayo machozi."

Kadogo aliinua mkono kuizima simu, ambayo muda wote huo ilikuwa inarekodi. Akampa fundi nakala nyingine. Fundi aliifungua papo hapo kwenye kurasa za mwisho, akasoma midomo ikicheza, akaguna.

"Na hiki nacho," alisema. "Boksi zima limeharibika, maskini."

Akaziacha zote mbili dirishani, akaenda zake. Kadogo akakaa juu ya kiti, na uchovu ukamshukia mabegani kama gunia.

Haukuwa uchovu wa siku hiyo. Ulianza siku mchapishaji alipomshushia maboksi mlangoni na kumwambia kwa upole, "Siku hizi, binti, mwandishi ndiye duka." Tangu hapo alikuwa amejaribu kila alichoambiwa. Alikwenda kwenye semina ambako bwana mmoja mwenye viatu vya kung'aa aliwafundisha kutafuta kundi lao, kutabasamu kila siku na kuwaambia watu siri zao kidogo kidogo. Aliacha nakala kwenye maduka ya vitabu, akazikuta baadaye zimesukumwa nyuma ya gundi na mitihani ya zamani. Alialikwa na shule moja kusoma mbele ya wanafunzi. Alipofika aliambiwa wako uwanjani, akawasubiri ofisini kwa mwalimu wa zamu hadi kengele ya kwenda nyumbani. Kuandika kulimchosha kama anayelima. Huku kujitangaza kulimchosha kama anayeita hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Palipokubali ni saluni peke yake.

Mama yake mdogo alikuwa msusi, na msusi hana mkono wa kushikia kitabu. Kwa hiyo alisoma sura moja asubuhi akinywa chai, halafu mchana akaisimulia huku vidole vikienda, akitia chumvi hapa, akiiga sauti ya mwenye nyumba pale. Msuko wa mwisho ulipokuwa unachovywa kwenye maji ya moto, ndipo na yeye alipokata hadithi, mahali pabaya kuliko pote. Wateja walimtukana wakicheka, wakarudi kabla nywele hazijachakaa. Wengine walinunua kitabu wakiwa bado na taulo mabegani. Yule bwana wa viatu vya kung'aa, kwa elimu yake yote, hakuwahi kutaja njia hiyo.

Kadogo alijua habari za kusimuliwa. Habari za maua ndizo hakuzijua.

Alipotoka kazini alipitia huko. Saluni ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu kilichopasuka pembeni na kuzibwa kwa utepe wa gundi. Mafungu ya nywele za bandia yalining'inia kwenye misumari, meusi, ya kahawia, na moja jekundu ambalo hakuna aliyewahi kuwa na ujasiri wa kulinunua. Kulinukia mafuta ya nywele na mvuke.

"Haya, mwenye kitabu kibovu huyo!" mtu akasema, na kicheko kikazunguka chumba. Fundi cherehani alikuwa ameshamaliza kutangaza.

Mama mdogo hakucheka. Aliinama zaidi kwenye kichwa alichokuwa akikisuka, kama mtu aliyeangusha kitu kidogo humo ndani.

Mwenye kichwa hicho alikuwa mwanamke mnene mchangamfu ambaye sauti yake Kadogo aliitambua kabla ya sura. Alikuwa mtangazaji wa kipindi cha mchana cha redio, kile cha akina mama.

"Wewe ndiye?" alisema Mtangazaji, akimtazama kupitia kioo kwa sababu hakuweza kugeuka. "Nilidhani wewe mkubwa kwa umri. Sikia, mdogo wangu. Nimemtaja huyu mama wa maua hewani mara moja tu, simu hazikatiki. Wananiuliza, vipi, mwenye nyumba kaomba radhi? Mpaka wanaume wanapiga! Sasa Jumamosi nakuja hapa na kinasa sauti. Wewe unasoma sura ya mwisho, akina mama hawa wanashangilia, mimi narusha hewani. Andaa maboksi yako. Wewe hutakaa tena na vitabu ndani."

Wateja wakapiga vigelegele. Kadogo alijikuta anatabasamu, lile tabasamu lake la kuomba radhi kwa kuwepo.

"Sawa," alisema.

Mama mdogo alijifuta mikono. "Ngoja nikaangalie maji," akasema, akaingia nyuma ya pazia. Kadogo akamfuata.

Nyuma ya pazia kulikuwa na jiko la umeme na sufuria kubwa. Maji hayakuwa yamechemka.

"Usinitazame hivyo," Mama mdogo alisema bila kugeuka.

"Duka la maua, Mama mdogo?"

"Walilitaka wenyewe. Mmoja kasema afungue duka, mwingine kasema la maua. Mimi nifanyeje? Watu wamevutwa nywele tangu asubuhi, vichwa vinawauma, niwaongezee na msiba?"

"Lakini kitabu..."

"Kitabu chako nakijua, si nimekibeba mimi kwa mdomo wangu mpaka redioni?" Akageuka, akamshika Kadogo mashavu kwa viganja vyenye mafuta. "Mwanangu, hii ndiyo nafasi. Huko kazini kwako mna mashine. Chapa hiyo karatasi ya maua, tubandike nyuma. Nani atajua?"

"Ulisoma mpaka wapi?"

"Nimesoma."

"Mpaka wapi, Mama mdogo?"

Mama mdogo alichukua mwiko akakoroga maji matupu. "Mpaka pale mdogo mtu anapochukua birika kwenda kutafuta maji ya moto."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nina watu wananisubiri," alisema, na akapita kwenye pazia.

Kadogo alibaki na sufuria. Aliona haya kama vile yeye ndiye aliyekamatwa na uongo.

Kazini kwake kulikuwa duka dogo la kuchapa na kutoa nakala. Kesho yake, kati ya barua ya mzee mmoja ya kuomba kazi ya ulinzi na picha za paspoti za mapacha waliokataa kutulia, aliandika mwisho wa maua. Ulimjia bila shida, na hilo lilimuumiza. Mama wa hadithi aliinuka kitandani, akafunga khanga kiunoni, akafungua duka. Mdogo wake alirudi na birika, maji yakiwa bado ya moto, wakanywa chai wawili. Kadogo alijikuta akicheka peke yake pale mwenye nyumba alipochagua maua. Ulikuwa mwisho mzuri. Ungeuzika.

Mashine ilipokuwa ikitoa nakala, joto la karatasi likimpiga mikononi, alikumbuka wodi.

Mama yake alilazwa kwa majuma, na kwa majuma hayo yote Mama mdogo hakutoka kwenye kile kiti cha plastiki kando ya kitanda. Alifunga saluni. Alilala ameketi. Manesi walimfukuza wakachoka, wakaanza kumpa mashuka. Kisha alasiri moja mgonjwa akasema anataka chai, na maji ya moto yalipatikana mwisho wa ukumbi, Mama mdogo akachukua birika. Aliporudi, mapazia yalikuwa yameshavutwa kuzunguka kitanda. Alisimama pale na birika lake mpaka nesi akalitoa mkononi mwake.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona ameketi kwa muda mrefu. Nyumbani alikula amesimama, akiegemea kabati. Kadogo alipokuwa mgonjwa wa malaria, Mama mdogo alimhudumia usiku na mchana na hakuthubutu hata kwenda chooni bila kumwita jirani akae naye. Na habari za ile alasiri hazikuzungumzwa. Kadogo alijaribu. Kila alipoanza, "Mama mdogo, ile siku...", sufuria iliungua, mlango uligongwa, au mtu alitaka nywele.

Ila Kadogo alikuwepo. Alikuwa upande wa pili wa kitanda, na aliona kitu ambacho Mama mdogo hakukiona. Alipokosa pa kukisemea, alikiandika. Kwa kuwa alikuwa na woga, alikizungushia kitabu kizima, na mwenye nyumba, na mchekeshaji wa sokoni, na kesi ya vyombo, ili msomaji mmoja aburudike, asahau kujihami, mpaka afike kwenye kurasa nne za mwisho. Hao wasomaji wengine wote, wa simu na wa semina, walimjia baadaye kama wageni wa mwaliko wa mtu mwingine.

Na huyo msomaji mmoja alikuwa amefika mlangoni pa kurasa hizo, akageuka, akaenda kufungua duka la maua.

Ijumaa jioni walibandika. Mama mdogo alikuwa na furaha, anaimba kwa pua, anapaka gundi kwa kidole. Ilibidi kurasa zile nne zigandishwe zenyewe kwa zenyewe, ndipo karatasi mpya ikae juu bila kuvimba.

"Hizi za zamani zifunge kabisa," alisema. "Mtu asije akachungulia akapata maudhi."

Kadogo alifunga moja. Akafunga ya pili. Alipofika nakala ya tatu alisema anaumwa kichwa, akaenda kulala na jua bado liko dirishani. Kutoka chumbani alisikia gundi ikilia ndani ya chupa yake kwa muda mrefu.

Jumamosi saluni ilijaa hadi mlangoni. Fundi cherehani alikuja mapema kushika kiti. Mtangazaji aliweka kinasa sauti juu ya rafu, katikati ya vitana. Mama mdogo alikuwa akimsuka binti mmoja aliyekuwa anaolewa wiki hiyo, misuko midogo midogo ya kuumiza macho, na alikuwa amefika nusu ya kichwa.

"Karibuni, wapenzi wasikilizaji," alisema Mtangazaji kwa ile sauti yake ya hewani, yenye asali. "Tuko na mwandishi wetu. Haya, mdogo wangu. Tupe maua yetu."

Kadogo alifungua mkoba. Ndani kulikuwa na nakala iliyobandikwa, na ile nyingine, ya fundi, iliyorudishwa kwa kasoro. Vidole vyake viligusa ya kwanza. Akatoa ya pili.

Akaanza kusoma. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi draya izimwe. Alisoma wodi, kiti cha plastiki, mashuka ya kuazima. Alisoma mgonjwa anavyoomba chai.

"Huo ndio wangu!" alinong'ona fundi. "Huo mbovu!"

"Kadogo," Mama mdogo alisema. "Si huo, mwanangu."

Kadogo aliendelea. Mdogo mtu alichukua birika. Alitoka. Viatu vyake vilisikika vikiishia mwisho wa ukumbi.

"Maji yangu yanachemka," alisema Mama mdogo, kwa haraka.

"Mama, nywele!" Bibi harusi alimshika mkono. "Umeniacha wazi, itafumuka yote!"

Kicheko kidogo kilipita chumbani, kikafa njiani. Mama mdogo alibaki amesimama, vidole vimenasa kwenye msuko, uso umeelekea ukutani.

Kadogo aliutazama ukurasa uliofuata. Alikuwa ameuandika mara nyingi kuliko kurasa zote, ameufuta na kuurudia, na sasa herufi zilikuwa zinaogelea. Alielewa kwamba asingeweza kuusoma. Na alielewa pia kwamba kuusoma mbele ya watu hawa, kwenye kinasa sauti kile, kungekuwa njia nyingine tu ya kuzunguka.

Akafunga kitabu.

"Zima, tafadhali," alimwambia Mtangazaji.

"Dada, watu wanangoja mwisho. Hapa ndipo penyewe. Nikizima hapa sina kipindi, na wewe huna..."

"Najua. Zima."

Mtangazaji alimtazama, akamtazama msusi, akainuka na kubonyeza. Taa nyekundu ndogo ikazimika. Fundi cherehani alianza kuchomoa pini kifuani na kuzichomeka upya.

Kadogo alipita katikati ya magoti ya watu mpaka akasimama mbele ya Mama mdogo, kati yake na ukuta, mahali ambapo Mama mdogo asingeweza kumkwepa kwa macho. Alitaka kusema sawa, kama kawaida yake, na aende nyumbani akalale.

"Mama mdogo, mimi nilikuwepo," alisema. "Ulipotoka, alifumbua macho akaniuliza, 'Ameshatoka?' Nikamwambia ameshatoka. Akasema, 'Vizuri. Huyu akiwa ananitazama siwezi kwenda.' Akanishika mkono, akaniambia nisikuite. Chai hakuitaka. Alikutuma ili utoke. Hukuchelewa, Mama mdogo. Yeye ndiye aliyekungoja utoke."